Maji ya Manjano Tuliyokuwa Tukiyamwaga

Kabla hujanyoosha mkono kuichukua sindano, mshike mgonjwa mkono kwanza. Usiutafute mshipa, usifunge ule mpira, na usimwambie "haiumi," kwa sababu inauma na yeye si mtoto. Mshike tu. Ukiusikia mkono una baridi, mpe kikombe cha chai ya moto akizungushie vidole, umuulize habari za ng'ombe wake, usubiri. Mshipa utajitokeza wenyewe. Nyinyi vijana wa maabara mnaotoka chuoni siku hizi mnajua majina ya kila kitu kilichomo ndani ya damu, na mimi nawaonea fahari, lakini nimewaona kwa macho yangu mkimchoma mama wa watu hapa na pale na pale tena, mkisema mishipa yake imejificha. Mama huyo ametoka kuchuma majani tangu kuna umande. Mishipa haijajificha, imeganda.

Watu wa Soin hawana taabu hiyo. Huko chini ni joto, mtu wa Soin akikunja mkono wa shati tu, mshipa unakukodolea macho. Sisi wa Kiptere, pamoja na wenzetu wanaoishi katikati ya mashamba makubwa ya chai, tunaamka na ukungu na kulala na mvua, na mikono yetu inahitaji kubembelezwa. Hilo sikulisoma popote. Nilifundishwa na Mzee Arap Bett, aliyekuwa mkubwa wa maabara nilipoajiriwa katika hospitali yetu ndogo ya misheni, na ambaye alikuwa na buli lake la chai mezani ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulinywea isipokuwa wagonjwa wenye vidole baridi.

Enzi za Arap Bett, mashine ya kuzungusha damu ilikuwa ya mkono. Ilifungwa kwenye ukingo wa meza, ikawa na mpini, na wewe unazungusha mpaka bega linakulilia. Mzee alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kama sala: kila tyubu ya damu lazima iwe na mwenzake upande wa pili, wa uzito uleule, la sivyo mashine itapiga mateke. Kama mgonjwa ni mmoja tu, unajaza tyubu ya pili maji. Basi siku moja mwenzetu wa zamu, ambaye simtaji kwa sababu sasa ni babu wa watu na ana heshima zake, aliichukua ile tyubu ya maji akaipima, akaandika kwamba mgonjwa hana sukari hata chembe mwilini. Daktari wa wadi alishuka mbio.

"Nani amepima huyu?" aliuliza. "Mnasema hana sukari kabisa. Huyo mtu saa hii amemaliza ugali na anauliza kama iko ingine."

Arap Bett hakumfokea kijana yule. Alimpa mpini wa mashine akamwambia azungushe mpaka chakula cha mchana, kisha akamwekea chai kutoka kwenye lile buli. Tangu hapo sote tuliweka alama kwenye tyubu ya maji. Nanyi wekeni, hata kama mashine zenu ni za umeme na zina vioo vya kuonyesha namba.

Sasa niwaambie habari ya yale maji ya manjano. Damu ikizunguka vizuri hujipanga yenyewe: nyekundu inakaa chini, juu yake panakuwa na utando mwembamba mweupe, na juu kabisa panabaki maji ya rangi ya manjano, masafi, kama mafuta ya kupikia yaliyochujwa. Hayo ndiyo plazima. Kazi yetu ilikuwa kuchukua kidogo ya kupimia, na yanayobaki tunamwaga kwenye ndoo ya dawa, kisha shimoni. Miaka yote ya kazi yangu nilimwaga. Kama yangekuwa maziwa, kiwanda kingenitumia lori.

Karibu na kustaafu kwangu ndipo alipokuja Daktari Njoroge, daktari wetu wa meno. Huyu ni kijana wa Kericho mjini, wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vifaa vya ujenzi kabla hajazaliwa, na Kikipsigisi chake ni safi kuliko cha baadhi yenu mnaojifanya mmekisahau. Alisimama mlangoni pa maabara akiwa bado na glavu mkononi, jambo ambalo silipendi.

"Mama Chela, ile plazima ikibaki unapeleka wapi?"

"Kwenye ndoo. Na utoe hizo glavu."

"Usiimwage tena," akasema, akizivua. "Mimi nataka kuirudisha kwa wenyewe."

Nilidhani anatania. Akavuta kiti akanieleza, na alikuwa mwalimu mzuri, kwa hiyo nami nawaeleza alivyonieleza. Mtu akiugua ufizi, jino lenyewe linaweza kuwa jeupe, zima, halina tundu hata moja. Kinacholiwa ni mfupa unaolishika. Bakteria wanajificha chini ya ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki, mwili unaamka kupigana nao, na katika fujo hiyo zile seli zinazojenga mfupa ndizo zinazoumia. Zingine zinakufa, zingine zinaacha kazi. Jino linabaki limesimama kwenye mfupa uliopungua, na siku moja unauma hindi la kuchoma, unabaki na jino mkononi.

Ndani ya yale maji ya manjano kuna chembe ndogo za kugandisha damu, zile ambazo ukijikata zinakimbilia pale kuziba. Chembe hizo, alisema, hubeba pia kitu kinachoziambia seli nyingine zikue na zitengeneze. Huko kwenye maabara kubwa watu wanaziweka seli za mfupa pamoja na hao bakteria wa ufizi, halafu wanaongeza plazima yenye chembe nyingi, waone kama seli zitastahimili. Dalili zinatia moyo.

"Lakini chombo cha maabara si mdomo wa mtu," akaongeza. "Mimi siahidi mtu. Kwanza tunasafisha mizizi mpaka ing'ae. Plazima ni msaidizi. Ukiiweka juu ya uchafu ni kazi bure."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Daktari anayekuambia asichokijua ni wa kumshika na mikono miwili.

Tulianza kujifunza kwa damu yetu wenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Daktari Njoroge, anayewachoma watu wazima ufizini kutwa nzima, anaogopa sindano. Alifumba macho, akashika ukingo wa meza, akaniuliza kama nimemaliza kabla hata sijafungua kifuniko. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Nikampa kikombe cha chai, ijapokuwa mikono yake haikuwa na baridi.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuizungusha damu kwa kasi, kama tunavyofanya kwa vipimo, na kasi hiyo inazisukuma zile chembe chini pamoja na nyekundu. Maji ya manjano yanabaki matupu. Tulipoweka dawa ya kuyagandisha yalibaki maji, yakatutazama tu. Ilibidi nijifunze upole. Mzunguko wa kwanza wa taratibu, chembe zibaki zikielea kwenye manjano; unayavuta bila kuugusa wekundu; unazungusha tena, unaondoa ya juu, unabakiza yale ya chini yaliyo mazito kwa chembe. Hapo ukiweka dawa yanashikana, yanakuwa ute unaoweza kuushika kwa koleo. Mara ya kwanza yalipogandana tulishangilia kama goli limeingia, na mpishi wa hospitali akachungulia kuuliza kuna nini.

Kumbe tulikuwa tunajiandaa kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwangu.

Dada yangu mdogo, Chebet, ameolewa na mtu anayeitwa Kiplangat, mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja huku kwetu. Kama hamjawahi kuona kazi hiyo, vikombe hupangwa mezani msururu mzima, chai kavu bila maziwa wala sukari, na mwonjaji anapita na kijiko. Anafyonza kwa nguvu ili chai itapakae mdomo mzima, inafika mpaka puani, kisha anatema kwenye ndoo na kusonga mbele. Ukisikia mara ya kwanza utadhani kuna mtu anazama. Shemeji yangu huyu alikuwa anaweza kukuambia majani yamechumwa upande gani wa mlima, yamekaa sana kabla ya kukaushwa au moto umezidi. Na alikuwa na maringo ya kazi yake, tusifichane.

Asubuhi moja alinijia maabara amebeba thamosi.

"Shemeji, naomba unipimie hii chai kama iko na chuma."

"Chuma?"

"Kila kikombe naskia chuma. Kila shamba. Tumesugua birika zote, moja tumebadilisha kabisa. Fundi amefungua mashine ya kukata majani akaangalia visu kama zinatoa kutu. Hakuna kitu. Na wenzangu wanasema hawaskii."

Kiwanda kizima, jamani, kilikuwa kimepinduliwa kutafuta kutu ndani ya chai. Nikamwambia mimi napima damu, mkojo na choo, na chai yake bado haijaugua kiasi hicho. Akacheka. Alipocheka nikaona mstari mwembamba mwekundu umepita kando ya meno yake ya chini, mahali yanapokutana na ufizi.

"Kiplangat," nikamwambia, "fungua mdomo."

Ilikuwa ni damu yake mwenyewe. Alikuwa anaionja kwa miezi na kuisingizia birika. Akaiweka ile thamosi chini polepole, akauliza kama Daktari Njoroge yuko.

Picha ya eksirei haikutufurahisha. Mfupa wa mbele chini ulikuwa umeliwa, na meno mawili ya katikati yalitikisika ukiyagusa. Daktari alimwambia ukweli wote bila kuuzungusha. Kiwandani nako walimtoa kwenye meza ya kuonja, wakampeleka upande wa kufunga magunia mpaka mdomo upone, na mwonjaji mkuu akamwambia waziwazi kwamba akipona atalazimika kupimwa upya mbele yake kabla ya kurudi. Kama mdomo ungeendelea kutoa damu, au meno yakang'oka na akawekewa ya plastiki, mzee huyo hakujua kama ulimi wa Kiplangat ungekuwa uleule.

Chebet alinipigia simu akilia. Kiplangat hakulia, ila jioni moja alikaa jikoni kwangu akizungusha kikombe mikononi bila kunywa.

"Mimi sijui kazi ingine, shemeji," akasema. "Wengine wako na shamba. Mimi ulimi ndio shamba yangu."

Nilimhurumia sana. Nilikuwa nimezoea kumtania kwa maringo yake, na sasa sikuwa na utani hata mmoja.

Mtu pekee ambaye hakuona tatizo ni mama yake. Tunamwita Kogo, kama tunavyowaita bibi zetu wote, na anakaa Chebunyo na ng'ombe wake. Yeye ni wa kizazi kile kilichong'olewa meno mawili ya chini kwa desturi, na ile nafasi anaionyesha bila aibu. Alikuja kumwona mwanawe, akasikiliza habari zote za mfupa na eksirei, akafungua mdomo wake mpana.

"Hii meno munalilia, mimi yangu iko wapi?" akasema. "Ilitolewa nikiwa msichana. Na nyama nakula, na wimbo naimba. Hiyo si meno, hiyo ni mlango tu."

"Lakini Kogo," nikamwambia, "wewe huonji chai ya watu."

"Mimi nakunywa," akasema. "Sitemi."

Tulicheka sote, hata Kiplangat. Lakini usiku huo Chebet aliniambia mumewe alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akiyagusa yale meno mawili kwa ncha ya kidole.

Daktari alianza na usafi, kama alivyosema. Alisafisha mizizi kwa vipindi, akamfundisha Kiplangat kupiga mswaki upya kama mtoto wa nasari, akamkataza sigara aliyokuwa akiivuta kwa kujificha huku sote tukijua. Damu ilipungua. Ila pale mbele palikuwa na mifuko mirefu chini ya ufizi ambayo haikufunga, kwa hiyo ikaamuliwa afunguliwe, pasafishwe kwa macho, na ute wa plazima yake uwekwe kuuzunguka mfupa.

Siku ile niliomba niitoe damu mimi mwenyewe. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo vijana mnapolegea. Jina la mgonjwa huandikwa kwenye tyubu akiwa hapo mbele yako, na yeye ndiye anayelitaja. Hata kama ni baba yako. Damu hii inarudi mwilini, si ya kupimwa na kumwagwa.

"Jina lako nani?" nikamwuliza.

"Shemeji, umenisahau?"

"Taja jina."

Akalitaja lote, hata la babu yake, kwa sauti ya mtu anayeapishwa. Mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa, na haikuwa baridi ya ukungu. Nilimpa kikombe, na nilipomwuliza habari za ng'ombe wa Chebunyo alijibu neno moja moja. Mshipa ulikuja.

Niliizungusha damu ile kwa upole kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote. Nilipoyavuta yale maji ya manjano nilizuia pumzi, maana ukigusa tabaka la chini unavuta nyekundu na kuharibu. Kisha nikatia dawa, nikakaa kuyatazama kwenye sahani ndogo. Hayakuonekana kuganda. Nikajiambia labda nimezidisha kasi, labda dawa imeharibika, labda nimemnyima mume wa dada yangu nafasi yake. Nikaiinamisha sahani kidogo, na ute ukateleza wote kwa pamoja, umeshikana. Nilitamka jina la Mungu kwa sauti, nikaubeba mwenyewe hadi chumba cha meno.

Kazi yangu iliishia pale. Daktari akaushindilia kwenye nafasi zile, akarudisha ufizi mahali pake, akashona. Masharti yakawa machache: asipige mswaki upande ule, asuuze kwa dawa aliyopewa tu, ale vitu laini, asiguse, arudi baada ya siku chache.

Vitu laini. Hilo neno ndilo lililomleta Kogo kutoka Chebunyo akiwa na kibuyu cha mursik. Nanyi mnajua mursik ni nini, lakini kwa yule atakayesoma haya akiwa mbali: ni maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu, yaliyosagwa yakawa unga. Makaa hayo ndiyo yanayoyafanya maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika, na ndiyo yanayotia ile rangi ya kijivu tunayoipenda.

Siku ya kurudi hospitalini Kiplangat aliketi kwenye kiti cha meno, taa ikawashwa, akafungua mdomo. Daktari Njoroge aliruka nyuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona na mimi. Ufizi wote wa mbele, pale palipofunguliwa, ulikuwa mweusi. Mweusi tititi, mpaka kwenye nyuzi.

Ufizi uliokufa huwa mweusi. Daktari alijua, na mimi nilijua. Nilimwangalia Chebet aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje akinitazama usoni, nikageuka upande wa ukuta asije akasoma uso wangu. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia.

Daktari alilowanisha kipande cha pamba, akapangusa taratibu. Pamba ikatoka nyeusi. Akapangusa tena. Chini yake pakaonekana pinki. Akaileta ile pamba puani, akanusa, akanitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akinywa mursik kwa jirani zake tangu utotoni.

"Haya ni makaa," akasema.

Kiplangat alijaribu kueleza huku mdomo ukiwa wazi, tukamwambia aufunge, akaeleza vizuri. Kogo alikuwa amemwangalia akisuuza na ile dawa ya hospitali yenye rangi ya pinki, akaona ni mzaha. Kama makaa yanalinda maziwa ndani ya kibuyu, yasiharibike wiki na wiki, yatashindwaje kulinda mfupa? Basi kila asubuhi na jioni alikuwa akichovya kidole chake kwenye unga wa makaa na kumpaka mwanawe.

"Sasa ningemkataza aje?" Kiplangat akaniambia. "Ni mama. Ameshika kichwa yangu hivi, amesema fungua, nikafungua."

Mtu mzima, mwonjaji wa chai, baba wa watoto! Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Daktari alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, lakini nilimwona akikagua nyuzi mojamoja baada ya hapo, na hakuwa akicheka. Wasiwasi wake ulikuwa kile kidole. Unga ule una chembe ngumu, na kidole cha Kogo kimekamua ng'ombe maisha yote. Kama kingekuwa kimeutingisha ufizi kutoka mahali pake, ute wetu wote ungekuwa umetoka.

Nilikwenda kumwona Kogo mwenyewe, nikaketi naye nyuma ya nyumba. Sikumlaumu. Nilimwambia kwamba mwanawe ameshonwa ndani, na ndani kuna kitu kimetolewa kwenye damu yake kinachofanya kazi ileile anayoitaka, kulinda mfupa usiliwe na wadudu, ila hakitaki kuguswa. 

"Kwa hivyo yeye iko na makaa yake ndani," akasema.

"Ndiyo, Kogo."

"Ya tamu yake mwenyewe," akasema, maana ulimi wake huigeuza damu kuwa tamu.

"Ya damu yake mwenyewe."

"Kongoi," akanishukuru. "Kama mungeniambia hivyo ningewacha. Hakuna mtu aliniambia. Walisema tu usiguse, usiguse, kama mimi ni mtoto."

Alikuwa na haki. Tulikuwa tumemweleza mgonjwa, tukasahau anayempikia mgonjwa. Nyinyi mkitoa masharti, ulizeni kwanza nani yuko nyumbani.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu. Mfupa hauna haraka na mtu. Nilistaafu katikati ya kungoja huko, nikapewa keki na blanketi, nikaanza kulala mpaka jua litoke, jambo ambalo sikulijua tangu usichana. Lakini kila Chebet alipopiga simu niliruka, nikidhani ni habari ya meno. Mara nyingine ilikuwa tu kuuliza nimepika nini.

Siku ya picha mpya nilikwenda, ingawa sikuwa mfanyakazi tena na mlinzi wa getini aliniuliza natafuta nani. Daktari aliweka picha ya zamani na mpya kando kwa kando. Kisha akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Ukingo wa mfupa haukushuka zaidi. Mahali pamoja, kati ya yale meno mawili, palikuwa pamejaa kidogo kuliko kwanza. Akachukua vifaa viwili vya chuma, akalishika jino moja katikati yake, akalisukuma mbele, akalisukuma nyuma. Akafanya hivyo kwa la pili. Sote tulikuwa tukitazama mkono wake.

"Imesimama," akasema. "Siwezi kukuambia ni plazima, au ni usafi, au ni kuacha sigara. Labda zote. Lakini imesimama."

Niliketi kwenye kiti cha daktari bila kuombwa. Chebet alinishika mabega, na mimi niliyekuwa nikiwaambia wagonjwa wajikaze kwa miaka yote hiyo nililia kama mtoto, kwa raha tupu.

Ilibaki mwonjaji mkuu. Meno yalikuwa yamesimama, lakini ulimi wa Kiplangat ulikuwa umekaa miezi bila kazi, na hakuna picha inayoonyesha ulimi. Siku aliyoitwa kupimwa nilishindwa kufanya lolote. Nilipika chai, nikaisahau motoni, nikaikumbuka, nikaimimina kwenye thamosi. Ilipofika saa kumi hivi niliwaona wakishuka kwenye njia ya nyumbani kwangu, yeye na Chebet, wakitembea polepole kama watu wanaotoka matangani.

Nikawakaribisha sebuleni. Chebet alinitazama, akainua mabega. Hata yeye alikuwa hajaambiwa matokeo. Nikamimina chai, nikampa Kiplangat, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Katika kipindi chote cha ugonjwa alikuwa akinywa chai yangu na kusema "tamu sana, shemeji, kongoi," na mimi nikiamini.

Akaweka kikombe mdomoni. Akafyonza, kwa ile sauti ya mtu anayezama. Uso wake ukajikunja wote.

"Shemeji," akasema, "hii maziwa ilishika sufuria. Na majani umeichemsha mpaka imechoka, unaiskia inalia. Ndiyo chai umekuwa ukinipatia hii miezi yote? Mwonjaji mkuu amenirudisha mezani leo, lakini hii hangeipitisha."

Chebet alipiga kelele za furaha, akaruka kutoka kitini. Nilikichukua kikombe chake nikakijaza tena mpaka juu, na yeye akakinywa chote, akilalamika kila funda.